Jibu: Iginla alibeba Kombe la Stanley?

Mkuu, umeuliza kama Jarome Iginla, mchezaji wa hoki ya barafu wa Kanada, aliwahi kubeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini. Hakulibeba. Mwaka 2004 Calgary Flames, yeye akiwa nahodha, walifika fainali wakafungwa na Tampa Bay mechi ya 7, ile ya mwisho. Baadaye akazunguka Pittsburgh, Boston, Colorado na Los Angeles, wapi!

Ila usimpime kwa kombe hilo tu. Huyu winga wa kulia, baba yake Mnigeria, alifunga mabao 625 NHL. Msimu wa 2001-02 peke yake alitupia 52 akawa mfungaji bora, na 2002 akachukua dhahabu ya Olimpiki na Kanada.

Kama una bando, tafuta bao la fainali ya Olimpiki ya Vancouver 2010 dhidi ya Marekani, muda wa nyongeza. Wengi humtazama Sidney Crosby, Mkanada mwenzake, aliyefunga. Wewe mwangalie Iginla pembeni: Crosby anamwita "Iggy!", beki kamwelemea, naye huku anaanguka anasukuma pasi. Kwangu mimi nusu ya bao lile ni lake.

Alistaafu rasmi 2018, na 2020 akachaguliwa kuingia Ukumbi wa Magwiji wa hoki.