Eti mama mkwe arudi Tukuyu ili mtoto ajifunze kulala!

"Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, tunaishi Uyole hapa Mbeya, nilijifungua mwanzoni mwa Machi. Mtoto anaamka usiku mara tano sita na mimi kazini naingia saa mbili, nimechoka hata sijitambui. Kwenye grupu letu la wamama tulifundishwa mtoto akizoea kubebwa hatakaa alale, inabidi umwache alie siku tatu nne mpaka azoee. Tangu baridi ya Juni ianze najaribu. Namlaza chumba cha pili, namwekea jiko asipate baridi, nafunga mlango. Usiku wa tatu alinyamaza mapema nikajua njia imefanya kazi, mama mkwe akaenda kufungua mlango akamtoa, na tangu siku hiyo akilia tu anambeba. Sio njaa, mchana anashinda na bibi yake huyo huyo anakunywa uji laini na maziwa ya ng'ombe anashiba. Mume wangu nae yuko upande wa mama yake, juzi saa kumi usiku kamfunga mtoto mgongoni na kitenge anazunguka nae uani, majirani wanacheka, aibu nimepata mimi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nisaidie maneno mazuri ya kumwambia mama mkwe arudi kwake Tukuyu nimfundishe mwanangu kwa amani. Mama Aliyechoka."

Marahaba binti yangu. Pole kwa kukosa usingizi, kunyonyesha na kazi ya mshahara kwa mwili mmoja sio mchezo, na hiyo pole natoa kwa moyo wote. Imeishia hapo.

Kuna kitu umekipitisha haraka haraka kwenye barua yako kama vile hakina uzito, nami ndo kimenifanya niweke chai pembeni. Jiko. Umemfungia mtoto chumbani na jiko la mkaa. Binti yangu, mkaa ukiwa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na usijidanganye kwamba mkaa ukishakolea ukawa mwekundu bila moshi basi uko salama, ni ule ule tu. Mtu mzima anaanza kuumwa kichwa, analegea, anasinzia, anapitiliza. Huku nyanda za juu kusini hakuna asiyelijua hili, baridi inatusukuma kuingiza jiko ndani na kuna waliolala nalo hawakuamka. Sasa wewe unaniambia kitoto kimelia siku mbili, siku ya tatu kikanyamaza mapema, ukafurahi kwamba njia imefanya kazi. Mimi sikuwepo, siwezi kukuapia kilichotokea. Ila rudia kusoma barua yako mwenyewe: mama mkwe alifungua ule mlango wakati mtoto AMENYAMAZA, sio wakati analia. Huyo mama alisikia kimya akaogopa, ukasikia kimya ukashangilia. Halafu ndo unataka nikutungie maneno mazuri ya kumfukuza?

Jiko litoke leo. Mtoto avalishwe nguo mbili tatu juu ya mwili, alazwe chali, blanketi lisimfike usoni, na alale chumba mnacholala nyie.

Tuje kwenye umri, maana barua nzima hujautaja, umeniachia nipige hesabu mwenyewe. Mwanzoni mwa Machi mpaka baridi ya Juni ni miezi mitatu. Likizo ya uzazi ni siku 84, ukihesabu kutoka Machi zinaishia mwishoni mwa Mei. Kwa hiyo hukuanza hayo mafunzo kwa sababu mtoto yuko tayari, ulianza kwa sababu bosi anakusubiri. Hilo silikulaumu, sheria sio wewe uliyeitunga, lakini usije kwangu ukasema tatizo ni mtoto kudekezwa. Mtoto wa miezi mitatu hajui kudeka. Mwili wake ndo kwanza unaanza kujua usiku ni upi na mchana ni upi, tumbo lenyewe dogo, anaamka kwa sababu anatakiwa aamke.

Na hiyo njia yenyewe mmeisoma nusu. Nina mpwa wangu nesi hapa Iringa nilimpigia, tukaongea mpaka vocha ikaisha. Yule daktari wa watoto wa Boston, Richard Ferber, aliyeisambaza kule Marekani kuanzia 1985, hakusema funga mlango ukalale. Alisema unamwacha dakika chache, unaingia, unamtuliza kwa sauti na kumpapasa, unatoka, unaongeza dakika kidogo kidogo. Na wanaoitumia wanaambiwa wasubiri mtoto afike angalau miezi minne mpaka sita, awe mzima, anakua vizuri. Australia nako, mjini Melbourne, walichukua watoto 326 waliokuwa wanasumbua kulala wakiwa na kama miezi saba, wazazi wa baadhi yao wakafundishwa njia za namna hiyo za taratibu, wakaja kuwaangalia tena wakiwa na miaka 6, matokeo yakatoka 2012: hakuna madhara yaliyoonekana, na hakuna faida iliyobaki, watoto wote walikuwa sawa tu. Kwa hiyo mimi sio wale wa kukwambia mtoto akilia dakika tano atakuja kuwa jambazi. Nakwambia aliyeachwa alie kule alikuwa mkubwa kuliko wako, na hakufungiwa na mkaa.

Sasa hii ya "sio njaa" ndo imenichekesha kwa uchungu. Unatoka nyumbani asubuhi, unarudi jioni, katikati hapo mtoto anapewa uji laini. Uji laini ni maji yenye rangi, unajaza tumbo saa hiyo na baada ya muda hamna kitu. Na chini ya miezi sita hatakiwi uji, hatakiwi maziwa ya ng'ombe, ni maziwa ya mama tu, si walikwambia kliniki? Hapo hata mama mkwe wako nampa lawama yake, ila lawama ndogo, maana alimpa alichokikuta jikoni, wewe uliacha nini kwenye kikombe? Mikoa yetu hii inalisha nchi nzima, mahindi yetu, viazi vyetu, maziwa ya Rungwe, halafu kwenye utafiti wa afya wa 2022 Iringa ikaongoza kwa udumavu, zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Chakula kipo. Mama yuko kazini au shambani, mtoto kaachiwa uji.

Mtoto wako anakunyonya usiku kwa sababu usiku ndo unapatikana. Duka likifungwa mchana kutwa mteja atagonga usiku, utamlaumu mteja? Na hayo maziwa ya usiku ndo yanayokulinda, maana homoni ya kutengeneza maziwa inapanda zaidi usiku, ukimkatisha usiku na mchana haupo, baada ya muda utaniandikia tena kwamba maziwa yamekauka.

Kwa hiyo usimfundishe mtoto, rekebisha mchana wako. Sheria ya kazi inakupa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, umeziomba? Najua hujaziomba, ungekuwa umeziomba ungelalamika kwamba wamekunyima. Waandikie kwa maandishi sio kwa mdomo. Kamua asubuhi kabla hujatoka, kamua na ofisini, weka kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, kwa ubaridi wa Uyole nje ya friji yanakaa masaa manne bila shida, ukiwa na friji siku nne. Bibi amnyweshe kwa kikombe, sio chupa. Ukifika jioni usishike simu, usishike sufuria, mshike mtoto kwanza. Mpe wiki mbili tatu za hivyo halafu uniambie bado anaamka mara sita. Ataamka, ndio, hata mwenye miezi minane wengi bado wanaamka, lakini mara mbili unaweza kuishi nazo.

Na huyo mume. Jamani. Mwanaume wa Mbeya, saa kumi alfajiri, kipindi hiki cha baridi, anajifunga kitenge na mtoto mgongoni ili mkewe alale, na mkewe anaamka anaandika barua kumshtaki! Nina wanawake wananiandikia hapa wana watoto watatu na baba hajawahi kubadilisha nepi moja, sheria inampa siku tatu za likizo ya uzazi anazimalizia baa. Wewe umepewa huyu unaona aibu kwa sababu jirani kacheka. Jirani anakulelea? Na vyaelea vimeundwa, huyo mwanaume aliundwa na mama huyo huyo unayetaka apande basi. Ungekuwa na akili ungemuuliza alimleaje.

Ndo shida ya ndoa za siku hizi, samahani nitoke nje ya mada kidogo. Mnaolewa mnataka mume asiye na ukoo, kama vile aliokotwa Mwanjelwa. Mama mkwe akikaa mjini akitulia nyumbani kwake mnasema hasaidii, akija kusaidia mnasema anaingilia. Akipika, akifua, akilea bure, sawa, hapo ni mama. Akifungua mdomo tu amekuwa mchawi. Na ushauri wa kulea mnaupokea kutoka kwa mtu kwenye grupu la WhatsApp ambaye hamjui hata kama ana mtoto, mnakataa wa mama aliyelea wake wakakua mpaka mmoja ukamuona mzuri ukaolewa nae. Wanaume nao wa siku hizi ni waoga, wakiwekwa katikati ya mke na mama wanajifanya wana kikao. Wa kwako walau kachagua upande, na mimi nasema kachagua sahihi.

Nirudi. Hebu nijibu, akienda Tukuyu, Jumatatu asubuhi mtoto anabaki na nani? Kwenye barua umesema mwenyewe anashinda na bibi yake. Utaleta dada wa kazi mwenye miaka 16 umlipe kidogo, naye usiku umfundishe kufunga mlango?

Methali uliyoniletea ni ya mtoto anayejua alichokosa, anayelilia kisu, anayelilia kisichokuwa chake. Wahenga hawakumsemea anayelilia ziwa. Kumwacha alie kuna wakati wake na nitakwambia, sikunyimi. Akishapita miezi sita, uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda, hana homa, hana mafua, hapumui haraka haraka, umemnyonyesha, umembadilisha, na nyinyi WATATU mmekubaliana mchana mkiwa na akili zenu. Hapo akiguna usiku usiruke kama umemwagiwa maji, subiri dakika mbili tatu, mara nyingi anajigeuza analala mwenyewe. Akikazana kulia unaenda. Kilio kikiwa sio kile ulichokizoea, au amegoma kunyonya, amelegea, anachemka, hapo hakuna mafunzo, ni hospitali usiku huo huo.

Kwa hiyo maneno mazuri ninayo, ila ni ya kumuomba mama msamaha, na utayasema mbele ya mumeo. "Mama, usiku ule ulifungua mlango, asante." Usiongeze "lakini". Na kama umeshamchukiza kaondoka zake, Tukuyu sio mbali na Uyole, Jumamosi panda gari na mtoto umfuate.