Maswali ya Wasomaji: Picha inaweza kusema mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi ataishi muda gani?

Shikamoo daktari. Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Ripoti ya MRI (picha ya mashine ya sumaku) imeandikwa "IIIC1r, uvimbe sm 5.2". Ndugu wanasema hatua ya tatu ndiyo basi tena. Kweli picha imeshaonyesha mwisho wake? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Hapana. Picha hupanga wagonjwa kwa makundi ya hatari, haihesabu miaka ya mama mmoja.

Tuisome hiyo ripoti. Mwaka 2018 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, liliruhusu picha zitumike kupanga hatua, na tezi za limfu (mitoki) zikaingia kwenye hesabu. C1 maana yake tezi za nyonga zimeguswa. C2 ni zile za juu zaidi, kando ya mshipa mkuu wa damu tumboni, na hizo huashiria hatari kubwa zaidi. Herufi "r" inasema tezi zimeonekana kwa picha tu, hazijakatwa kinyama (kipande kidogo) cha kupimwa maabara. Kwa hiyo mwenye uvimbe wa sm 2 na tezi moja yuko IIIC1, na mwenye uvimbe uliofika ukuta wa nyonga na tezi kadhaa naye yuko IIIC1. Wawili hao hawalingani hata kidogo. Ndiyo maana "hatua ya tatu" peke yake haitoshi. Muulize daktari uvimbe umefika wapi, tezi ni ngapi, na figo zikoje.

Figo zisisahaulike. Uvimbe ukibana mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, figo hujaa maji, na ultrasaundi ya kawaida tu huliona hilo. Figo zikishindwa, sisplatini, dawa inayotolewa kila wiki pamoja na mionzi, huenda isitolewe kabisa. Wakati mwingine mrija huzibuliwa kwanza ndipo tiba ianze.

Picha nayo hukosea. Tezi huhesabiwa kubwa upana wake mfupi ukifika mm 10, lakini ya mm 7 inaweza kuwa na saratani, na ya mm 13 ikawa imevimba kwa TB au VVU. MRI ikifanywa mara tu baada ya kukata kinyama, damu na uvimbe wa jeraha vinaweza kuufanya ugonjwa uonekane mkubwa kuliko ulivyo.

Lililo mikononi mwenu ni ratiba: mionzi ya nje (ya mashine) na ya ndani (inayowekwa kupitia ukeni) imalizike ndani ya wiki 8. Kuruka siku kunapunguza nafasi ya kupona.

Mke wangu amemaliza mionzi wiki 4 zilizopita. Nataka afanyiwe PET-CT sasa hivi tujue. (Msomaji, Nakuru)

Subiri ifike miezi 3. Sehemu iliyotoka kuungua kwa mionzi hunyonya sukari yenye mnururisho, ile inayodungwa kwa PET-CT ili saratani ing'ae kwenye picha, karibu kama saratani inavyonyonya, nawe utalipa pesa nyingi kununua wasiwasi.

Ikifanywa kwa wakati wake, picha hii hutabiri vizuri kuliko ile ya kabla ya tiba. Utafiti wa St. Louis, Marekani, uliochapishwa 2007 ukihusisha wanawake 92, uliangalia nani alikaa miaka 3 bila ugonjwa kurudi wala kuendelea. Kati ya waliokuwa safi kabisa kwenye picha, waliofika hapo ni asilimia 78. Kati ya waliobakiwa na mng'ao kidogo, asilimia 33. Kati ya waliokuwa na madoa mapya, hakuna hata mmoja.

Siku hiyo asile kwa saa 6, anywe maji matupu. Sukari ya damu ikizidi takriban 11 mmol/L kipimo huahirishwa, kwa hiyo mwenye kisukari aseme mapema. Akojoe kabla tu ya kupanda mezani: sukari hiyo hutoka kwa mkojo, na kibofu kinachong'aa kiko jirani kabisa na mlango wa kizazi. Doa likibaki, wakate kinyama kwanza kabla ya kuzungumzia upasuaji.

Ninasomea radiografia. Nataka kutengeneza programu ya kompyuta inayotabiri uhai kwa MRI za wagonjwa 60. Inatosha? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa mafunzo, sawa. Kwa kumwamulia mgonjwa, hapana. Kama kati ya hao 60 waliofariki ni 15, nawe umechomoa vipimo 300 (namba za ukubwa, umbo na mwonekano wa uvimbe) kwenye kila picha, kompyuta itawakariri tu hao 60, haitajua kutabiri wengine. Baki na vipimo viwili vitatu, uvichague kwenye kundi la wagonjwa unaowatumia kuifundisha kompyuta pekee, kisha ujaribu kwa picha za hospitali nyingine yenye mashine tofauti. Linganisha na ukubwa wa uvimbe, hatua na tezi. Programu isipovishinda hivyo haina kazi. Na kabla ya yote, wape madaktari wawili picha 20 zilezile wachore mipaka ya uvimbe kila mmoja kivyake. Kipimo kinachobadilika kwa sababu ya mkono wa mchoraji, kitupe.