Miwani iliyosahaulika nyumbani

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Alianza mradi wa kujifunza kifamilia na familia 9. Wiki ya nne zimebaki 2, na moja ni yake mwenyewe. Anauliza amekosea wapi. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana mara yangu ya kwanza mambo yalikuwa mabaya kuliko hayo.

Mimi nilianza na familia 12. Nikapanga viti kwa mistari, nikatundika ubao, nikaandika ratiba ya wiki 10. Wazazi na watoto wasome pamoja, nani angelipinga wazo hilo? Siku ya pili nikampa mama mmoja kitabu amsomee mwanawe. Akapapasa mkoba. "Miwani nimeisahau nyumbani." Nikamwambia asijali, kijana atasoma. Kijana wa miaka 9 akasoma, tena kwa madaha, na kila akifika kwenye neno gumu anamgeukia mamaye: "Hili unalijua?" Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba hakuwahi kuwa na miwani.

Nilimwaibisha mtu mzima mbele ya mtoto wake, halafu jambo hilo nikaliita kisomo cha familia. Na nilijiona mtu mwema! Hadi leo nikiliwaza usiku nageukia upande wa pili wa kitanda.

Miezi ya katikati siihadithii. Ilikuwa vikao na kutafuta chumba.

Mara ya pili nilitupa ratiba. Nikaleta karatasi, sindano na uzi, nikasema kila familia itengeneze kitabu chake. Karatasi 8 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 32. Unatoboa matundu matatu kwenye mkunjo. Uzi unatoka nje kwa tundu la kati, unaingia ndani kwa la juu, unaruka la kati na kutokea la chini, kisha unarudi ndani kwa la kati, ncha mbili zinafungwa fundo. Ni rahisi ukishafanya mara tatu. Watoto walijidunga, uzi ukawatatiza, wakaanza kuwaita wazazi wao. Kwa mara ya kwanza katika chumba kile mtoto ndiye aliyekuwa akiuliza.

Halafu ndipo tukaandika. Mzazi anasimulia, mtoto anaandika vilevile alivyosikia, na marufuku kumrekebisha mzazi usemi wake. Asiyejua kusoma huyapata maneno yake mwenyewe upesi kuliko ya kitabu cha mtu asiyemjua, kwa kuwa sentensi tayari anayo kichwani, kilichobaki ni kuitambua kwenye karatasi. Walimu wa kisomo cha watu wazima wanaijua njia hii tangu zamani. Mimi niliifikia baada ya kufukuza watu.

Jumamosi iliyopita tulimaliza vitabu 11. Mama wa miwani (ndiyo, alirudi) alisimama akasoma ukurasa mzima, habari ya shangazi yake aliyemfundisha kushona. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kijana wake alikaa mbele akitikisa midomo bila sauti, kama anayemsaidia kubeba mzigo. Baba mmoja ambaye kwa wiki tano alikuwa akikaa karibu na mlango akauliza kama wiki ijayo anaweza kusoma chake.

Kuna taasisi moja ilikuja kupiga picha, ikatundika bango lake ukutani kwa dakika 20, na sasa naambiwa kwenye ripoti yao sisi ni "wanufaika". Sijalisamehe hilo, na sidhani kama ninajitahidi.

Sasa wewe uliyeniandikia, na wengine wote wenye hamu kama yangu ya kuona mtaa mzima unajifunza. Anza na kitu ambacho mzazi anakiweza. Kushona, kufunga, kupima, kupanda, chochote, ilimradi mtoto akione mwenyewe. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba anaweza, akakitanguliza kimoja: kulifanya jambo lenyewe na kufaulu. Kinafuata kumwona mwenzako wa hali kama yako akifaulu, ndiyo maana yule baba alibanduka mlangoni. Hotuba za kutiana moyo ni chanzo dhaifu, nasi wengi tunaanzia hapohapo, na kipaza sauti juu.

Toa ubao. Panga viti duara. Na narudia, kwa sababu najua utasahau kama nilivyosahau mimi: usimweke mzazi mahali atakaposhindwa mbele ya mwanawe. Anza na anachokiweza.

Zile familia 7 zilizoondoka usizitumie ujumbe. Nenda kwao, tena nenda bila karatasi ya mahudhurio. Mimi nilisimama mlangoni kwa mama yule na kifurushi changu mkononi, nikazungumza habari zote za dunia kabla ya kufika kwenye samahani. Nilipofika, alikuwa ameshachukua kile kibonge cha uzi anakivuta kati ya vidole viwili.

"Huu mwembamba mno," akasema. "Utakata karatasi."