V8 ya Rover kwenye MGB ya 1971: kagua eksozi, rejeta na difu kwanza

Swali lilikuwa kama Rover V8 (injini ya silinda nane) ya lita 3.5 iliyotoka kwenye SD1, saluni ya Rover, itaingia kwenye MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ya 1971 ya bampa za kromu bila kukata bodi. Kuingia itaingia. Kiwanda chenyewe kiliuza MGB GT V8 kati ya 1973 na 1976, na kwa kuwa bloku na hedi ni za alumini, haizidi uzito wa injini ya chuma ya 1798 cc unayoitoa. Springi za mbele ziache.

Shida ni eksozi. Ukichagua manifoldi (mabomba ya eksozi yanayofungwa kwenye hedi) zinazoshuka zikibana bloku, joto lote linabaki chini ya boneti, jirani na stata na shafti ya usukani. Mimi napendekeza mtindo wa MG RV8 ya miaka ya 1990: mabomba yanapita kwenye matundu unayotoboa kwenye kuta za ndani za mafenda. Ndiyo, hapo unakata bodi, lakini joto linatoka. Usichomelee maunti (vishikizo vya injini) yoyote kabla injini, gia boksi, manifoldi na usukani havijakaa pamoja ndani ya gari na boneti kufungwa. Manifoldi ya hewa ya SD1 ni ndefu, boneti huigusa. GT V8 ilipewa ya chini, kabureta zikiwa nyuma.

Gia boksi ya gia tano, LT77, inahitaji tanuli (handaki la sakafu linaloifunika) ipanuliwe na kiegemeo kipya cha nyuma. Propela shafti ikifupishwa lazima ibalansiwe kwenye mashine, la sivyo mtetemo utaharibu sili na beringi.

Difu wengi huiahirisha, na hapo ndipo gari linapoharibika ladha. Uwiano wa difu ya MGB (propela shafti huzunguka mara ngapi kwa kila mzunguko wa tairi) ni 3.909, GT V8 ilitumia 3.07. Ukibaki na 3.909, gia ya kwanza inaisha kabla hujaondoka, na barabara kuu injini inalia bure. Badilisha pia breki za mbele: GT V8 ilikuwa na diski nene zaidi na kalipa kubwa.

Rejeta iwe kubwa, na feni mbili za umeme mbele yake. Tumia kulanti yenye kinga ya kutu mwaka mzima, maana maji matupu hula alumini.

Kwenye injini yenyewe: hedi za SD1 zina bolti 14 kila moja. Safu ya nje kabisa, yenye bolti 4, ikikazwa sawa na nyingine huivuta hedi upande huo, na gasketi inavuja upande wa ndani, kwenye bonde la katikati ya safu mbili za silinda. Safu hiyo ikaze kidogo tu.

Hamishia filta ya oili mbali kwa mabomba, kama GT V8. Pampu ya oili iko kwenye kava ya mbele, juu ya usawa wa oili, na ikikauka hainyonyi. Ifungue, jaza vaselini kwenye gia zake (grisi usitie, haiyeyuki vizuri na huziba njia), kisha toa distributa na uizungushe pampu kwa drili hadi geji ya oili ipande. Hapo ndipo uwashe. Plagi huwaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2, silinda namba 1 ikiwa mbele kushoto ukiangalia ukiwa umekaa ndani ya gari. Geji ya mizunguko ya zamani itasoma mara mbili, kwa sababu imepimwa kwa silinda nne. Ipeleke ikarekebishwe kwa nane.