Semina Haipigi Kura za Maoni

Wadogo zangu mlioajiriwa karibuni katika asasi zetu za Dar es Salaam, nimesoma maandiko ya miradi mnayoyaandaa kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029 na uchaguzi mkuu utakaoufuata. Karibu yote yanapanga kuwajengea uwezo wanawake wanaotaka kugombea, miezi michache kabla ya kupiga kura, hotelini, kwa mada za kujiamini na kuzungumza mbele ya umma. Ndivyo tulivyofanya sisi, na ndivyo walivyofanya waliotutangulia. Kwa jinsi ninavyowapenda, siwezi kukaa kimya mkiirudia njia ileile.

1. Jueni jina la mwanamke hukatwa wapi. Wananchi humwona mgombea anapopanda jukwaani, lakini kwa wanawake wengi jambo huwa limekwisha kuamuliwa: kwanza na wajumbe wa chama wakati wa kura za maoni, yaani uchaguzi wa ndani wa kutafuta mgombea, kisha na vikao vya uteuzi vya chama. Katiba yetu haimtambui mgombea binafsi, kwa hiyo asiyepita ndani ya chama hana mlango mwingine.

Hili nililijua kwa kumwumiza mtu. Niliwahi kuratibu mafunzo ya watia nia wa ubunge, na miongoni mwao alikuwapo mama mmoja wa pembezoni mwa jiji, kiongozi wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambaye watu walimfahamu kwa kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya viwanja na kwa kufuatilia maji mpaka yakafika mtaani kwao. Bajeti yetu ilichelewa kuidhinishwa, robo mwaka ikawa inakwisha, nami kwa hofu ya fedha kurudi kwa mfadhili nikaipanga semina katika wiki ileile ambayo chama chake kilikuwa kinatoa fomu na watia nia wenzake walikuwa wakiwafuata wajumbe kata kwa kata. Alinipigia simu kuomba aondoke mapema. Nilimjibu kwamba cheti hupewa aliyehudhuria siku zote, tena nikaongeza kwamba mwanamke aliyeandaliwa vizuri hana haja ya kumbembeleza mjumbe. Aliniamini, kwa sababu nilisema kwa uhakika wa mtu anayejua. Akabaki hotelini akifanya mazoezi ya hotuba mbele ya kamera, huku washindani wake wakikaa misibani, wakihudhuria vikao na kuzijua shida za kila tawi.

Alipata kura za kuhesabika kwa vidole. Baadhi ya wajumbe walisema waziwazi kwamba aliwadharau, maana hakufika kuwaomba, na sikuwa na la kuwajibu kwa kuwa walisema kweli. Yeye hakunilaumu. Aliniuliza tu kama niliwahi hata mara moja kuhudhuria mkutano wa wajumbe wa chama chochote, na jibu lilikuwa hapana. Taarifa yetu ilimhesabu kuwa mnufaika, kiashiria kwenye bango kitita, jedwali la malengo ya mradi, kikafikiwa, picha yake ikawekwa ukurasa wa mbele, na mfadhili akaridhika. Hakuchukua fomu tena. Mpaka leo nikiona ratiba ya mafunzo iliyofuata kalenda ya fedha badala ya kalenda ya chama, namkumbuka yeye, na ndiyo maana huwarudishia rasimu zenu zikiwa zimejaa wino mwekundu.

Kabla ya kuandika shughuli yoyote, tafuteni ratiba ya ndani ya kila chama.

2. Acheni kuvizungumzia viti maalumu, vile vilivyotengwa kwa wanawake, kana kwamba ni aibu. Ibara ya 66 ya Katiba inataka wabunge wanawake wa viti hivyo wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote, na ibara ya 78 huvigawa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge. Bila utaratibu huo Bunge letu lingekuwa la wanaume karibu lote, kwa kuwa katika chaguzi za 2015 na 2020 wanawake walishinda takriban jimbo moja katika kila majimbo kumi. Hata hivyo, mwambieni mwanamke ukweli wote. Mbunge wa viti maalumu hawezi kuteuliwa kuwa Waziri Mkuu, kwa kuwa ibara ya 51 inataka mbunge wa jimbo, na Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo hauko mikononi mwake. Msaidieni aingie akiwa tayari amechagua jimbo atakalogombea baadaye. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalumu, na mwaka 2010 akachaguliwa na wananchi kuwa mbunge wa Makunduchi, miaka mingi kabla ya kuapishwa kuwa Rais mwaka 2021.

3. Mfahamuni mwenyekiti wa mtaa, kwani kiti chake ni miongoni mwa vitakavyogombewa katika uchaguzi huo wa 2029. Wengi wenu mnawajua mawaziri kwa majina, lakini nikiwauliza nani mwenyekiti wa mtaa mnaoishi, Sinza au Mbagala, mnatazamana. Nendeni mkajitambulishe wiki hii.

4. Ziara za kujifunza kwa majirani zina maana kwa anayekwenda kutazama utaratibu, si takwimu. Kila andiko linataja Rwanda, na ni kweli kwamba baada ya uchaguzi wa 2013 wanawake walishika viti 51 kati ya 80 vya Baraza la Wawakilishi. Viti vilivyotengwa kikatiba ni 24 tu. Vilivyobaki vilitokana hasa na jinsi vyama vilivyopanga orodha zao, na hapo ndipo maswali yenu yaelekezwe. Kenya nayo iliandika katika Katiba ya 2010 kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, ikaweka viti 47 vya wawakilishi wanawake wa kaunti, lakini Bunge likashindwa kupitisha sheria ya utekelezaji, hadi Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mwezi Septemba 2020 alivunje. Halikuvunjwa. Mkienda Nairobi, waulizeni wenzenu ni nani hasa aliyeukwamisha muswada, na kwa njia gani.

5. Fomu ya mgombea ubunge hutakiwa kuwa na wapiga kura wasiopungua 25 wanaomdhamini. Msiishie 25 kamili, maana mmoja akiwa na dosari, pingamizi dhidi ya uteuzi wake litaanzia hapo.

6. Rushwa ya ngono mtakutana nayo, na mara nyingi mtaambiwa usiku, kwa simu, na mwanamke anayelia. Ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na malalamiko hupelekwa TAKUKURU. Msimsukume kushtaki ili asasi ipate habari ya kuandika, wala msimzuie kwa kuogopa kukiudhi chama. Mtafuteni mwanasheria mwanamke mapema, kabla dirisha la fomu halijafunguliwa, awe tayari kupokea simu saa yoyote. Uamuzi wa kushtaki ni wa mwanamke mwenyewe, na bila ridhaa yake kisa hicho kisionekane katika taarifa ya mradi, hata jina lake likifichwa.