Anza na madabodi, kadi ya picha isubiri

Mdogo wangu, umesema uko Shangani hapo Mtwara, hela ya kununua vyote kwa mkupuo huna, na unataka kompyuta ya gemu utakayoiongezea nguvu kidogo kidogo. Basi tazama madabodi kwanza, ule ubao mkuu unaochomekwa vifaa vingine vyote. Chukua yenye soketi (tundu la kukalia prosesa, ubongo wa kompyuta) ya AM5 ya kampuni ya AMD, iliyotoka 2022. AM4 ni ya 2016; bei yake inavutia kweli, lakini inatumia ramu (kumbukumbu ya muda) ya DDR4, aina ya zamani isiyoingia kwenye AM5, na siku ya kuhama utaacha madabodi na ramu pamoja.

Prosesa, Ryzen 5 8600G. Ina kitengo cha picha humo humo ndani, kwa hiyo gemu la mpira utalicheza bila kadi ya picha mpaka hela ya korosho iingie. Ila ramu nunua vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Picha za ndani hukopa ramu, na kipande kimoja huzibana.

Pawa saplai usiibanie: wati 650, ya kampuni inayojulikana, hata kama leo hutafikia hata nusu yake. Mimi niliwahi kuokota ya bei chee. Umeme ukakatika, uliporudi ikaondoka na madabodi.

Kasha lolote. Usiliweke tu dirisha la baharini, chumvi inakula.