Kamera ya joto kusoma namba tofauti kwenye goti lile lile

Ndugu, umeuliza kwa nini kamera yako ya infraredi ilisoma goti la mgonjwa nyuzi 33, kisha 31 baada ya dakika chache, na kama vipimo hivyo vinaaminika. Vinaaminika kwa kulinganisha kuliko kwa kutafuta namba kamili. Kamera nyingi huweza kukosea hadi nyuzi 2 za Selsiasi juu au chini, ila tofauti ndogo kati ya sehemu mbili za picha moja huziona vizuri. Kwa hiyo piga picha moja ya magoti yote mawili kwa pamoja.

Kabla ya kupiga, mgonjwa akae kama dakika 15 magoti yakiwa wazi, mbali na jua na feni. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: suruali ikivuliwa tu ngozi huanza kupoa, na nadhani ndicho kilichokupata. Asipake mafuta wala losheni, wala asisuguliwe, maana kusugua kunapasha ngozi. Kwenye mipangilio ya kamera weka emisiviti (kiwango cha uwezo wa ngozi kutoa mionzi ya joto) 0.98, elekeza kamera moja kwa moja, umbali uwe uleule kila mara.

Na tafadhali sana, usiitumie kuamua kama ana homa. Joto la ngozi ya goti silo joto la ndani ya mwili.